Kuihoji Serikali bungeni: dirisha lipi linajibu, lipi linapiga danadana

Huduma hii haina kiingilio, lakini kila anayenunua sukari dukani ameshailipia kodi. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inataja waziwazi kwamba linaweza kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kwenye karatasi ni huduma nzuri kabisa. Kwenye matumizi inategemea umeingilia dirisha gani. Wengi wanalijua moja tu, kipindi cha maswali cha asubuhi, kwa kuwa ndicho kinachoonekana kwenye luninga. Bahati mbaya hilo ndilo dirisha lenye foleni ndefu na majibu mepesi kuliko yote.

Tuanze nalo hata hivyo. Mbunge anaandika swali la msingi na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge. Linapitiwa: lisiwe hoja iliyovishwa alama ya kuuliza, lisiguse shauri lililo mahakamani, lisiombe maoni ya Waziri. Likipita linapewa namba na kupelekwa wizarani. Kuanzia hapo safari yake wengi hawaijui. Swali la zahanati ya kijiji fulani linatoka TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, linashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, linashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mara nyingi linatua mezani kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Yeye anaandika maelezo, yanapanda ngazi zilezile, kila ngazi ikilainisha sentensi moja. Likifika Dodoma, anayehojiwa ndiye aliyeandika jibu. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya huduma hii, na hakuna Spika awezaye kuirekebisha kwa kugonga nyundo.

Mfano wa kawaida, kama unavyosikika asubuhi yoyote ile, ni wa boma, yaani jengo lililosimamishwa kuta bila kukamilishwa. Mbunge: "Je, ni lini Serikali itakamilisha boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi?" Naibu Waziri anasimama: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Nchi, TAMISEMI, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo. Serikali inatambua na kuthamini nguvu za wananchi. Katika mwaka huu wa fedha imetengwa Sh milioni 50 kwa ajili ya kukamilisha boma hilo. Serikali itaendelea kukamilisha maboma nchini kadri fedha zitakavyopatikana."

Jibu hilo limekaa vizuri masikioni. Lifungue sasa. "Inatambua" haina bei. "Kadri fedha zitakavyopatikana" ni kusema hakuna tarehe. Neno lenye uzito ni moja tu, "imetengwa", na ndilo linalowapoteza watu wengi zaidi. Fedha ya Serikali ina hatua zake. Imetengwa: Bunge limeidhinisha, ipo kwenye kitabu cha bajeti. Imetolewa: Hazina imeiachia. Imepokelewa: imeingia kwenye akaunti ya halmashauri au ya kituo chenyewe. Imetumika: fundi kalipwa, bati limepanda. Kati ya hatua ya kwanza na ya pili mwaka mzima unaweza kuisha. Fedha ikitolewa Juni, wiki chache kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30, halmashauri inakimbizana na manunuzi huku bakaa ikinyemelewa na Hazina. Zahanati hiyohiyo "inatengewa" tena mwaka unaofuata, na kwenye Hansadi, yaani Taarifa Rasmi za Bunge, inaonekana kama habari mpya.

Hapo ndipo maswali ya nyongeza yanapofanya kazi, kama yakitumika. Aliyeuliza swali la msingi ana nafasi ya maswali mawili, na hayo Naibu Waziri hakuandikiwa jibu lake na mtu. Nafasi ya dhahabu hiyo. Wengi wanaichezea. Dakika nzima inaenda kwenye "pamoja na majibu mazuri ya Serikali", kisha linakuja swali ambalo limekuwa karibu desturi ya nyumba hiyo: "Je, Naibu Waziri yuko tayari kuambatana nami baada ya Bunge hili akajionee mwenyewe?" Jibu: "Niko tayari." Makofi. Hakuna shilingi iliyosogea, ila kuna mafuta ya gari yatakayotumika.

Linganisha na hili: "Kati ya hizo Sh milioni 50, kiasi gani kimeingia kwenye akaunti ya zahanati hadi leo, na kiliingia tarehe ngapi?" Sekunde kumi. Waziri akiwa na jibu, mbunge ana tarehe ya kulinganisha na taarifa ya benki kijijini. Asipokuwa nalo, ataahidi kulileta, na ahadi hiyo inabaki kwenye Taarifa Rasmi ikiwa na jina lake. Swali la nyongeza linalofaa lina kiasi, mahali au tarehe. Lenye vyote vitatu ni gumu kulikwepa hata kwa mjuzi wa kuzunguka.

Kasoro nyingine ya kipindi hiki ni wabunge wa majimbo mengine wanaodandia. Swali ni la barabara ya wilaya moja, ghafla wanasimama wengine wanne: "Matatizo hayo yanafanana kabisa na ya jimboni kwangu." Kila mmoja anapata jibu la jumla, na aliyefanya utafiti wa wiki tatu anapotelea katikati ya msafara. Tunaelewa kwa nini wanafanya hivyo, wapiga kura wanataka kumwona mbunge wao kasimama. Lakini anayepumua ni Waziri.

Alhamisi kuna nusu saa ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Hayapelekwi kwa maandishi kabla, na yanatakiwa kuwa ya kisera, si ya kisima cha kijiji. Yanavutia kuyatazama. Kwa takwimu usitegemee kitu, kwa kuwa anayeulizwa kwa ghafla hujibu kwa ujumla. Faida yake ni moja: mara chache linatoka agizo palepale, na agizo la Waziri Mkuu lililotamkwa hadharani linakimbia wizarani kuliko barua kumi.

Kwa ujumla wake kipindi cha maswali tunakipa alama 4 kati ya 10. Nne hizo ni za maswali ya nyongeza.

Chumba cha pili hakina makofi. Ni meza ya kamati: PAC kwa hesabu za Serikali Kuu na mashirika, LAAC kwa halmashauri. Hapa anayehojiwa si Waziri bali Afisa Masuuli, yaani Katibu Mkuu wa wizara au Mkurugenzi wa Halmashauri, mtu ambaye sheria inamfanya ajibu kwa kila senti aliyoiidhinisha. Anakuja na mhasibu wake, mkuu wa manunuzi, mkaguzi wa ndani na maboksi ya mafaili. Wabunge nao hawakai peke yao, wana wataalamu wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, pembeni ambao ndio waliozifungua hati za malipo moja moja. Tofauti na ukumbini ni kubwa. Waziri anaweza kusema "inatambua". Afisa Masuuli anaulizwa: hati ya malipo namba hii, mkataba uko wapi?

Chukua hoja ya ukaguzi ambayo haikosi kwenye ripoti za halmashauri, ya mapato kwa POS, mashine za mkononi za kukusanyia mapato. Mfumo unaonyesha wakusanyaji wamekusanya kiasi fulani. Taarifa ya benki inaonyesha kiasi pungufu. Tofauti hiyo ni fedha ambayo haikupelekwa benki. Hoja yenyewe ni nyepesi, utetezi wake ndio wenye ufundi. Utetezi wa kwanza: "mashine ilikuwa haina mtandao, miamala ikajirudia". Anayejua anaomba orodha ya miamala iliyofutwa, nani aliidhinisha kufutwa na lini. Utetezi wa pili: "wahusika wameanza kurejesha". Anaomba stakabadhi, na anaangalia kama marejesho yameanza kabla ya ukaguzi au wiki moja kabla ya kuja Dodoma. Wa tatu ndio maarufu kuliko yote: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimeripoti kituo hiki mwezi wa tatu." Kamati legelege inamwonea huruma. Kamati makini inamkumbusha kwamba hoja hufuata kiti, na inaagiza mtangulizi wake aitwe kutoka huko alikohamishiwa. Uhamisho umezima hoja nyingi kuliko majibu.

Kuna pia ile ya nyaraka kufufuka. Wakati wa ukaguzi hazikuonekana, mbele ya kamati zipo, safi, hazina hata kikunjo. Ndiyo maana CAG hufanya uhakiki kabla hoja haijafungwa, na ndiyo maana mtu anayefuatilia asiridhike na kusikia "hoja imejibiwa". Kujibiwa si kufungwa. Kwenye majedwali ya utekelezaji tafuta hali ya hoja: imetekelezwa, inatekelezwa, haijatekelezwa. "Inatekelezwa" kwa miaka mitatu mfululizo ni jibu kamili.

Na wakati tupo kwenye maneno: hati safi haimaanishi hakuna aliyekula. Maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa kwa viwango na zinaonyesha hali halisi kwa ujumla wake. Halmashauri inaweza kupata hati safi na bado ukurasa unaofuata ukaeleza mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliyokwenda kwa vikundi visivyopatikana mahali vilipoandikwa. Mkurugenzi anayetundika hati safi ukutani kama cheti cha ndoa anajua wasomaji wake.

Meza hii ikifanya kazi inatikisa. Novemba 2014 PAC, chini ya Zitto Kabwe, ililetea Bunge taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow, ya kushikilia fedha zenye mgogoro, iliyokuwa Benki Kuu, fedha zaidi ya Sh bilioni 300. Ilikuja na ukaguzi maalumu wa CAG, miamala na majina ya waliopokea. Ndani ya miezi miwili Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, Waziri wa Ardhi akaondolewa, na Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu. Hakuna swali la Alhamisi lililowahi kufika huko. Nguvu haikutoka kwenye ukali wa sauti, ilitoka kwenye viambatisho.

Sasa udhaifu wake, na si mdogo. Kwanza, uchelewaji. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, CAG anampa Rais ripoti mwishoni mwa Machi, inaingia bungeni Aprili, na miaka ya karibuni mjadala wenyewe umekuwa ukifanyika Novemba. Hesabu za 2021/22 zilijadiliwa Novemba 2023, miezi kumi na sita baada ya mwaka kufungwa. Mkandarasi keshahamisha mitambo, mkurugenzi kesharipoti kwingine, mvua mbili zimeshapita juu ya lile kalvati. Pili, LAAC ina halmashauri 184 na siku zinazohesabika, kwa hiyo inachagua za kuziita. Ambayo haikuitwa inajibu kwa karatasi na kulala vizuri. Tatu, chombo hiki kimefungwa kamba moja na CAG. Aprili 2019 Bunge lilipoazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, kwa sababu ya neno "udhaifu" alilolitumia akihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa, ilikuwa kama fundi kugombana na rula yake. Nne, kanuni zinataka mwenyekiti wa PAC atoke upinzani. Upinzani ukipungua bungeni, makali ya kiti hicho nayo yanapungua.

Pamoja na hayo yote, 7 kati ya 10. Ingekuwa 8 kama vikao vyote vya kuwahoji maafisa masuuli vingerushwa hewani. Wakenya wanaofuatilia kamati zao za hesabu kwenye luninga wanajua raha ya kumwona mkubwa akitafuta ukurasa ambao haupo. Kwao mawaziri si wabunge, na tangu 2023 wanafika ukumbini kujibu maswali, mpangilio wenye mazuri yake, lakini nako kazi nzito hufanyika kamatini. Na Waganda wana kamati ya Bunge ambayo kazi yake hasa ni kufuatilia ahadi za Serikali. Ukisoma Hansadi ya Dodoma kwa mwezi mmoja tu utatamani kuiazima.

Dirisha la tatu hufunguliwa Aprili hadi Juni. Waziri anasoma hotuba, kamati ya kisekta inasoma maoni yake, wabunge wanachangia, kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na mafungu yanapitishwa kifungu kwa kifungu. Kila wizara ina fungu lake: Maji ni Fungu 49, Afya 52, Ujenzi 98. Silaha ya mbunge hapa ni shilingi moja. Kinapotajwa Kifungu 1001, chenye mshahara wa Waziri, mbunge anasimama na kusema asiporidhika na maelezo atatoa shilingi, yaani kuupunguza mshahara huo kwa shilingi moja. Waziri anajibu. Asiporidhika anatoa hoja, anaungwa mkono, wenzake wanachangia, Waziri anajibu tena. Kisha, mara nyingi mno, "kwa maelezo hayo narudisha shilingi ya Waziri".

Ni rahisi kuicheka shilingi hiyo. Lakini inamlazimisha Waziri ajibu jambo moja, mara mbili, mbele ya Katibu Mkuu wake, huku saa ikikimbia. Ikitumika kwa jambo lenye namba, inapata ahadi yenye mwezi ndani yake. Ikitumika kulalamikia "changamoto ya maji nchini", inarudi ilikotoka. Hatari yake ni muda: ukiisha, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, na kasma, yaani mstari wa bajeti, uliyoikesha usiku kucha inapita bila kutajwa. Na hakuna anayefika mwisho wa kamba hii, kwa kuwa Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali.

Mara moja hata hivyo kamba ilivutwa kweli. Julai 2011, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikiwa mezani, Mbunge wa Kilindi, Beatrice Shellukindo, alisoma barua ya Katibu Mkuu wa wizara hiyo ikizitaka taasisi zilizo chini yake zichange Sh milioni 50 kila moja kufanikisha uwasilishaji wa bajeti. Serikali iliiondoa bajeti na kurudi nayo mwezi uliofuata. Wachangiaji walikuwa wamelalamikia mgawo wa umeme kwa siku nzima na kwa ufasaha mkubwa. Kilichobadili hali ni karatasi moja.

Bajeti tunaipa 6, na kuonya kwamba watu wanafika dirishani wakiwa wamechelewa. Kuomba mwezi Mei barabara iingie kwenye mwaka unaoanza Julai ni kuomba kiti basi likiwa limeshatoka stendi. Ukomo wa bajeti na mwongozo hutoka mapema, na halmashauri hupitisha makadirio yao kwenye Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka, ndipo yanapanda mkoani na TAMISEMI. Anayetaka barabara yake ionekane kwenye kitabu aanze na diwani wake kati ya Oktoba na Januari, amwache mbunge akalinde Aprili kilichokwisha kuingia.

Kwa anayetaka kumpa mbunge wake swali lenye meno, karatasi moja inatosha, mradi iwe na vitu sahihi. Jina kamili la kituo, kijiji na kata, kwa sababu "zahanati ya kwetu" halijibiki. Nani mwenye mradi: barabara ya wilaya ni TARURA, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, maji vijijini ni RUWASA, ukikosea taasisi unapoteza mkutano mzima wa Bunge kwa jibu la "hilo liko chini ya wenzetu". Kiasi kilichotengwa na mwaka wake. Kiasi kilichopokelewa, ambacho kwa shule na zahanati huwa kinabandikwa ubaoni au kinajulikana kwa kamati ya kituo. Picha ya hali ilivyo leo, yenye tarehe. Kama kuna viwango vya Serikali yenyewe, viweke: darasa la mradi wa UVIKO-19 lilipangiwa Sh milioni 20, kwa hiyo shule iliyopokea Sh milioni 60 na kuonyesha vyumba viwili ina swali linalojiandika lenyewe.

Kisha fungua ripoti ya CAG ya Serikali za Mitaa, inayopatikana bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na utafute jina la halmashauri yako kwenye majedwali ya viambatisho. Ukianzia sura za mbele utachoka kabla hujafika. Ukilikuta, nakili namba ya jedwali na ukurasa kwenye ile karatasi. Ipeleke ofisi ya mbunge wiki kadhaa kabla ya mkutano: Bunge hukaa mwishoni mwa Januari, Aprili, kati ya Agosti na Septemba, na tena kuelekea Novemba. Ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Jibu likishatolewa, litafute kwenye Hansadi kwa namba ya swali na tarehe ya kikao, uchapishe ukurasa huo mmoja, na uende nao kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata. Mtendaji atakaposema fedha hazijatengwa, msomee sentensi ya Naibu Waziri. Atakaposema zimetengwa ila hazijafika, andika tarehe aliyosema hivyo.